Kesi ya Pampu ya Mafuta

Corolla AE110 ikianza kukata pumzi kwenye mlima wa Kitonga, hukumu hutoka kabla boneti haijafunguliwa: pampu ya mafuta imekufa. Nami niliikubali hukumu hiyo mara mbili, kwa fedha taslimu. Pampu ina sifa moja inayoiponza: inauzwa dukani. Waya ulioliwa na kutu hauna anayeuuza, kwa hiyo hauna anayeushuku.

Dalili zenyewe zina utata. Kwenye silensa, gari likiwa limesimama, injini hunguruma vizuri. Ukiikanyagia mafuta mlimani, inakwamakwama. Silensa hunywa petroli kidogo mno, hata pampu iliyochoka au chujio lililoziba nusu humudu. Mlimani ndiko deni linakodaiwa. Lakini plagi zilizoisha nazo husaliti palepale mlimani, ndiyo maana sikio halitoshi, hata likiwa la fundi wa miaka thelathini.

Ushahidi uko kwenye geji ya presha. Kwa injini ya 5A-FE, unganisha kwa waya matundu ya +B na FP kwenye kile kisanduku cha kupimia kilicho chini ya boneti, kisha washa swichi bila kupiga stata. Pampu itazunguka yenyewe. (Fundi wangu alizima sigara alipoombwa mara ya pili.) Geji isome PSI 38 hadi 44. Ikiwa chini ya hapo, bana kwa sekunde moja mbili mpira unaorudisha mafuta kwenye tangi. Presha ikiruka juu, pampu ina nguvu, iangalie regyuleta. Chomoa kimpira chake cha hewa: kikiwa kimelowa petroli, utando wa ndani umepasuka. Presha isipopanda, ama chujio limeziba, ama pampu imechoka, ama inanyimwa umeme.

Hilo la mwisho ndilo hurukwa, kwa sababu linadai kung'oa kiti cha nyuma. Pima volti kwenye soketi ya pampu huku pampu ikizunguka. Ukipima soketi ikiwa imechomolewa utadanganyika: hata waya uliobakiwa na uzi mmoja huonyesha volti 12 pasipo mzigo. Wangu, ulipobebeshwa kazi, ulionyesha 9.

Sisemi pampu hazifi. Petroli ndiyo inayozipoza, na sisi tunaotembelea taa ya akiba hadi mwisho wa mwezi tunazikaanga taratibu. Ila yangu haikuwa imekaangwa. Waya wake wa hasi, pale unapofungwa kwenye bodi, ulikuwa umegeuka unga wa kijani.

Tulikwangua kutu, tukafunga waya mpya, robo saa. Zile pampu mbili zilizohukumiwa zingali kwenye buti. Nimezijaribu kwa betri, na zote zinazunguka.