Guy: Jina la Mhaini Lililogeuka Jamaa

Usiku wa kuamkia Novemba 5, 1605, ghala lililo chini ya Bunge la Mabwana jijini London lilipekuliwa, akakutwa Guy Fawkes akilinda mapipa 36 ya baruti. Yeye na Wakatoliki wenzake walikusudia kumlipua Mfalme James wa Kwanza siku ya kufungua Bunge. Januari 1606 aliuawa hadharani. Jina lake likabaki midomoni mwa watu.

Kila Novemba 5 Waingereza huwasha mioto kukumbuka njama hiyo. Watoto walishona sanamu la matambara, wakaliita "guy", wakalizungusha mitaani wakiomba senti za fataki, kisha likachomwa. Kufikia karne ya 19, mtu aliyevaa ovyo naye aliitwa guy, kwa kufanana na sanamu lile. Lilikuwa tusi. Huko Marekani likapoa: guy akawa mwanamume yeyote yule.

Safari haikuishia hapo. Sisi tuna "wewe" na "ninyi". Mgeni mmoja huambiwa karibu, wawili karibuni. Kiingereza kilipoacha "thou", neno "you" likabaki kubeba mmoja na wengi pamoja. Watu wa Kusini mwa Marekani waliliziba pengo hilo kwa "y'all", wengine kwa "you guys". Ndiyo maana wasichana peke yao huitwa guys, hata na msichana mwenzao.

Ila ukisema "a guy", kila mtu anaona mwanamume. Hapo ndipo wanawake kadhaa wanapolalamika kwamba wakiitwa guys kazini wanafichwa nyuma ya wanaume. Naona wana hoja, na mwenye lugha yenye neno "mtu" anapaswa kuwaelewa upesi.

Tafsiri iliyo karibu zaidi ni "jamaa", neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya kundi au ndugu, ambalo leo pia ni mwanamume tusiyemtaja jina: "kuna jamaa alikuja kukuulizia." Letu lilitoka kwenye undugu, lao kwenye uhaini, yakakutana njiani.

Basi neno guy litumie kwa marafiki, usiliandike kwenye barua ya kuomba kazi, wala usimwite hivyo mtu ambaye ungemwamkia shikamoo. Heshima uliyofunzwa nyumbani usiiache unapozungumza Kiingereza.