Marathon ya New York: hasara haiko kwenye ada

Mfanyabiashara anayefunga duka wiki nzima kwenda New York kukimbia kilomita 42.195 hana budi kupiga hesabu kama ya mzigo ulioko baharini: fedha imekwishatoka, mali haijafika.

Mwaka 2012 mkimbiaji kutoka nje alitozwa ada ya dola 347, wakati mkazi wa Marekani asiye mwanachama wa New York Road Runners, klabu inayoandaa mbio hizo, alilipa 255. Lakini ada ndiyo sehemu ndogo. Nauli ya ndege na hoteli huipita mbali, na aghalabu hulipwa mapema.

Mwaka huohuo kimbunga Sandy kiliupiga mji Oktoba 29. Meya Michael Bloomberg alishikilia kuwa mbio zingekuwapo, kisha akazifuta Ijumaa Novemba 2, zikiwa zimebaki siku mbili. Wageni wengi walikuwa wamekwishatua. Baadaye walipewa hiari ya kurudishiwa ada, au kutengewa nafasi mwaka mwingine, tena kwa kulipa upya. Nauli na hoteli hazikuhusika.

Ndiyo maana tiketi inayobadilishika, ghali kama ilivyo, si anasa. Bima ya safari nayo isomwe hadi maandishi madogo: inafidia mbio zikifutwa, au ndege ikifutwa tu?

Namba ya kifuani huchukuliwa na mwenyewe, kwa kitambulisho, kabla ya Jumapili ya mbio. Anayetua Jumamosi usiku amechelewa. Viatu vya kukimbilia visafiri kwenye mkoba wa mkononi.