Je, Wajua? Watoto 40 kati ya 100 wana upungufu wa damu

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watoto milioni 269 wa umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu, yaani takriban 40 katika kila 100. Kwenye kanda yake ya Afrika walikuwa 60. Huku kwetu Afrika Mashariki nchi hazifanani: upimaji wa kitaifa uliikuta Burundi na asilimia 61 (2016–17), Tanzania 59 (2022), Rwanda 37 (2019–20). Tanzania ilikuwa na 72 mwaka 2004–05, ikashuka, lakini tangu 2015 imesimama palepale, na hilo linauma.

Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma ya kumfikisha karibu miezi sita. Baada ya hapo uji mtupu haumtoshi, na chai huzuia chuma kufyonzwa. Malaria na minyoo ya safura humaliza kilichobaki.

Basi si tuwape wote dawa ya chuma? Kisiwa cha Pemba, Tanzania, kilitoa jibu gumu. Katika utafiti uliochapishwa 2006, ulioandikisha watoto zaidi ya 24,000, waliopewa chuma na asidi ya foliki kila siku walilazwa au kufariki kwa wingi kuliko wenzao, ikabidi dawa hizo zisitishwe mapema. Ndiyo maana penye malaria chuma hutakiwa kuambatana na kinga na tiba ya malaria.

Nyumbani, fungua kiganja cha mwanao mwangani, ukilinganishe na chako. Kikiwa kimepauka, mpeleke kituo cha afya akapimwe damu.