Elimu ya afya inapomfuata kibarua shambani

Na MWANDISHI WETU

JE, msomaji, ukikabidhiwa mkebe wa dawa ya kuua wadudu ulioandikwa kwa lugha usiyoielewa, utajuaje kama unahitaji glavu na kifuniko cha uso? Utajuaje ni muda gani upite kabla ya kurudi katika shamba lililonyunyizwa?

Maswali hayo yamewakabili vibarua wa mashamba ya Marekani kwa miaka mingi. Zabibu na stroberi za California, machungwa ya Florida, matufaha ya Washington na tumbaku ya North Carolina huvunwa na watu ambao wengi wao hawajui Kiingereza vizuri. Uchunguzi wa Idara ya Kazi ya Marekani wa 2019 na 2020 ulionyesha kwamba wafanyakazi sita hivi kati ya kila kumi wa mashamba ya mimea walizaliwa nchini Mexico. Idadi kama hiyo walisema lugha wanayoijua zaidi ni Kihispania. Kwa wastani, walikuwa wamesoma kwa miaka tisa hivi tu.

Kwa muda mrefu sheria ilidai Kihispania kidogo mno kwenye mikebe ya sumu. Zile sumu kali zaidi zilipaswa kuwa na neno "Peligro", yaani hatari, pamoja na sentensi ya kumwambia msomaji kwamba ikiwa haelewi maandishi hayo, amtafute mtu wa kumweleza. Maelezo mengine yote yangeweza kuachwa kwa Kiingereza, hata yale ya huduma ya kwanza.

Mnamo Desemba 2022 sheria mpya ilipitishwa ya kulazimisha sehemu za afya na usalama ziandikwe kwa Kihispania pia, au mkebe uonyeshe mahali pa kuzisoma kwa simu. Sheria hiyo inatekelezwa kwa awamu, kuanzia sumu hatari zaidi mwishoni mwa 2025 hadi mikebe yote mnamo 2030.

Hata hivyo, wahudumu wa afya wanaofanya kazi mashambani wamejua tangu zamani kwamba kutafsiri pekee hakutoshi. Elimu ya afya humsaidia kibarua inapomfikia kwa lugha yake, kupitia kwa mtu anayemwamini, na inapoweza kuhama pamoja naye.

Kliniki za wahamaji

Vibarua hawa hufuata mavuno. Wapo wanaoanza Florida na kupanda kaskazini kwa kufuata pwani ya mashariki. Wengine hutoka Texas hadi Michigan, na wengine huzunguka California, Oregon na Washington. Huishi katika kambi au nyumba za kukodi kwa wiki au miezi michache, kisha huondoka.

Mnamo Novemba 1960 televisheni ya CBS ilionyesha filamu ya mwanahabari Edward R. Murrow kuhusu maisha yao, nayo ikawashtua Wamarekani wengi. Miaka miwili baadaye, mnamo Septemba 25, 1962, Rais John F. Kennedy alitia sahihi sheria ya kutenga fedha za kliniki za wafanyakazi wahamaji wa mashamba.

Kliniki hizo zingali zipo, na katika miaka ya karibuni zimehudumia karibu watu milioni 1 kwa mwaka, wakiwemo watoto na wake wa vibarua. Mgonjwa hulipa kulingana na mapato yake. Nyingine hufunguliwa jioni baada ya saa za kazi, na nyingine huendesha magari yenye vifaa vya matibabu hadi kambini. Kibarua anayelipwa kwa idadi ya ndoo alizojaza hawezi kuacha kazi asubuhi ili akapange foleni mjini.

Mwalimu ni jirani

Katika kambi nyingi, mtu wa kwanza kuulizwa jambo la afya si daktari wala muuguzi. Ni "promotora", mama ambaye mara nyingi yeye mwenyewe amewahi kuchuma matunda au ni mke wa mchumaji. Wanaume wafanyao kazi hiyo huitwa "promotor". Kliniki humpa mafunzo, kisha humrudisha kwa majirani zake.

Promotora haandiki dawa. Kazi yake ni kumweleza mama mwenye mimba ni lini aende kliniki, kumwonyesha mgonjwa wa kisukari jinsi ya kupunguza sukari bila kuacha chakula alichokizoea, na kumsindikiza anayeogopa. Hutumia picha, michezo ya kuigiza na vijitabu vya hadithi za picha ambavyo hata mwenye elimu ndogo huvifuata bila taabu.

Redio nayo hufanya kazi kubwa. Mnamo Julai 1980, kituo cha Radio Bilingüe kilianza kutangaza kutoka Fresno, California. Mwanzilishi wake ni Hugo Morales, mzaliwa wa Oaxaca, Mexico, aliyefanya kazi mashambani utotoni kabla ya kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard. Redio husikika shambani mtu akiendelea kuchuma, nayo haimdai ajue kusoma.

Si wote wajuao Kihispania

Hapa pana kosa ambalo maafisa wengi wamelifanya. Hudhani kwamba kila atokaye Mexico huzungumza Kihispania. Wako maelfu ya vibarua kutoka milima ya Oaxaca na Guerrero ambao lugha zao za mama ni Kimixteco, Kitriqui au Kizapoteco. Lugha hizo hazihusiani na Kihispania, na Kimixteco chenyewe kina lahaja nyingi, nyingine zikitofautiana kiasi cha wasemaji kutoelewana.

Mgonjwa wa aina hiyo akiulizwa na daktari kwa Kihispania kama ameelewa, huenda akaitikia "sí" kwa adabu tu. Kisha hurudi nyumbani na chupa ya dawa bila kujua ni ya kunywa mara ngapi. Kumpa karatasi hakumsaidii, kwani lugha hizo husemwa zaidi kuliko kuandikwa. Ndiyo maana katika eneo la Oxnard, California, chama cha Wamixteco kiitwacho MICOP hutegemea wakalimani na redio kuliko karatasi.

Kitabu kilichofika kwetu

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya mbali sana. Kitabu maarufu cha afya, Mahali Pasipo na Daktari, ambacho kimetumiwa katika zahanati na nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kilianzia katika milima ya Mexico. David Werner alikiandika kwanza kwa Kihispania kutokana na kazi yake ya kuwafundisha wanakijiji katika eneo la Ajoya, jimbo la Sinaloa. Kilichapishwa 1973, kikatafsiriwa kwa Kiingereza 1977, na baadaye kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi. Siri yake ilikuwa ni maneno mepesi, michoro mingi, na imani kwamba mwanakijiji anaweza kuelewa mwili wake akielezwa vizuri.

Mgonjwa anapohama

Tatizo jingine ni safari. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Kibarua akianza kumeza tembe Texas, mavuno humwita Michigan kabla hajamaliza. Akiacha dawa njiani, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, na wenzake wa chumba kimoja wamo hatarini. Chama cha Migrant Clinicians Network, chenye makao yake Austin, Texas, humfuatilia mgonjwa wa namna hiyo. Humtafutia kliniki huko aendako na kutuma rekodi zake mbele.

Watoto nao huhama shule pamoja na wazazi. Mpango wa serikali wa elimu ya watoto wa vibarua wahamaji ulianza 1966. Ule wa kuwasaidia kupata cheti cha sekondari ulifuata 1967, na wa kuwaingiza chuoni 1972. Tangu 2007 kuna mtambo wa kompyuta uitwao MSIX unaobeba rekodi za mtoto kutoka jimbo hadi jimbo, zikiwemo za chanjo. Mtoto asiye na kumbukumbu huweza kudungwa sindano ile ile mara mbili, au kurudishwa darasa alilokwisha kulimaliza.

Mipango hii haiko salama. Mnamo Machi 2025, Rais Donald Trump alitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi na kufuta agizo la mwaka 2000 lililozitaka idara za serikali ziwahudumie wasiojua Kiingereza. Sheria ya haki za raia ya 1964 ingalipo, lakini agizo hilo lilikuwa nguzo muhimu. Miezi miwili baadaye, pendekezo la bajeti ya serikali lilitaka fedha za elimu ya watoto hao ziondolewe kabisa. Aidha, vibarua wasio na vibali huogopa kufika kliniki, wakahofia kukamatwa.

Gharama ya kutojua

Kutojua huua. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilihesabu wafanyakazi 68 wa mashamba ya mimea waliokufa kwa joto kati ya 1992 na 2006. Kiwango hicho kilikuwa karibu mara 20 ya kile cha wafanyakazi wote wa kiraia nchini humo. California ilikuwa jimbo la kwanza kuweka sheria ya kuwalinda wafanyakazi wa nje dhidi ya joto, mwaka wa 2005. Mwajiri hutakiwa kutoa maji, kivuli na muda wa kupumzika, na kuwafundisha wafanyakazi dalili za hatari kwa lugha wanayoielewa.

Yafuatayo ni baadhi ya mambo ambayo vibarua hao hufundishwa, nayo yamfaa kila afanyaye kazi shambani:

• Kunywa kikombe cha maji kila baada ya dakika 15 au 20 wakati wa joto kali. Usingoje kiu.

• Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akizirai juani, hiyo ni hatari ya kufa. Mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee na umwitie daktari mara moja.

• Kuumwa kichwa, kutokwa jasho na mate mengi, kutapika na kutoona vizuri baada ya kunyunyiza huweza kuwa dalili za sumu. Nenda hospitali na karatasi ya mkebe, au jina la dawa hiyo.

• Anayechuma tumbaku yenye umande hunyonya nikotini kupitia ngozi, akatapika na kupatwa na kizunguzungu. Ngoja majani yakauke, au uvae nguo zisizopenya maji.

• Oga na ubadilishe nguo kabla ya kumkumbatia mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

• Mkebe uliokwisha usitiwe maji wala chakula, hata ukioshwa mara kumi.

Tangu sheria ya usalama ya mashambani iliporekebishwa 2015, vibarua wa Marekani wanapaswa kufundishwa kuhusu sumu hizo kila mwaka, kwa namna wanayoielewa, na mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuzinyunyiza akiwa ameajiriwa. Kibarua asiyeelewa ana haki ya kuuliza kabla ya kuufungua mkebe. Naye anayemwajiri ana wajibu wa kuhakikisha kwamba yupo wa kumjibu, kwa lugha anayoijua.