Mwanga, Sauti na Saratani: Kipi Kweli, Kipi Uongo

Habari za chembe za nano zinazomulikwa au kupigwa mawimbi ya sauti ili ziue saratani zimesambaa kuliko tiba yenyewe. Ndani yake mna sayansi nzuri sana, na mna maneno ambayo mgonjwa akiyashika yatamgharimu maisha.

“Dhahabu inaua saratani.”

Uongo. Kinachoua ni joto. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha wanaume 16 wenye saratani ya tezi dume ambayo ilikuwa haijatoka nje ya tezi. Chembe walizopewa zilitokana na kazi ya Naomi Halas na Jennifer West wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston: kiini cha silika kilichovikwa ganda la dhahabu, upana wake nanomita 150 hivi. Zinahitajika mamia kadhaa, zikipangwa mstari mmoja, kufikia unene wa unywele. Mgonjwa alitundikiwa dripu yenye chembe hizo. Baadaye madaktari walipenyeza uzi mwembamba wa leza hadi ndani ya tezi, wakauwasha. Ganda lile limepimwa makusudi linyonye mwanga wa infraredi wa aina ambayo damu na maji ya mwili huinyonya kidogo tu. Palipokutana dhahabu na mwanga pakaungua.

Tiba ilifanikiwa kutekelezwa kwa wagonjwa 15, na haikuonekana tofauti kubwa katika kukojoa wala katika nguvu zao za kiume. Anayejua jinsi operesheni ya tezi dume inavyoweza kumwacha mwanamume ataelewa uzito wa jambo hilo. Hata hivyo, hao ni watu 16, na saratani zao zilikuwa za hatari ndogo au ya wastani. Si ushahidi wa kuacha tiba iliyozoeleka.

“Chembe hizi zikiingia mwilini huufuata uvimbe zenyewe.”

Uongo, na kati ya yote huu ndio ningependa ufutike kwanza. Ni kweli kwamba mishipa ya damu ya uvimbe mwingi huvuja, na chembe hupenyea hapo. Watafiti wa Kijapani Matsumura na Maeda walilieleza jambo hilo mwaka 1986, na matumaini makubwa yakajengwa juu yake. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walikusanya tafiti za miaka 10, zilizofanywa kwa wanyama wa maabara, wakapiga hesabu: kwa kawaida asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndizo zilizofika kwenye uvimbe. Nyingi hunaswa na ini na wengu. Hapo ndipo mwanga unapopata thamani yake, kwa kuwa chembe iliyonaswa kwenye ini bila kumulikwa haitaunguza kitu.

“Mwanga haupenyi nyama ya mwili.”

Usemi huu una ukweli ndani yake. Ziba tochi ya simu kwa kiganja gizani: utaona wekundu tu, kwa sababu rangi nyingine zimemezwa. Photofrin, dawa inayoamshwa na mwanga iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa saratani ya umio, hutegemea mwanga unaofika kina cha sentimita 1 hivi. Ndiyo maana uzi wa leza hupelekwa hadi ulipo uvimbe.

“Ultrasaundi ya wajawazito inaweza kutibu saratani.”

Uongo. Mawimbi ni ya jamii moja, lakini ya tiba hukusanywa kwa nguvu kwenye sehemu moja ndogo, ndani zaidi kuliko mwanga unavyofika. Huko Oxford, Uingereza, watu 10 wenye uvimbe wa ini walidungwa dawa ya doxorubicin iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta. Mawimbi yakapasha uvimbe joto kutoka nje ya mwili, vifuko vikafunguka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba dawa ndani ya uvimbe iliongezeka, kwa wastani, mara 3.7. Kilichopimwa hapo ni dawa kufika. Kupona ni swali jingine.

“Tiba ya aina hii haina madhara.”

Uongo. Aliyepewa Photofrin hukwepa jua kwa siku 30 au zaidi, la sivyo ngozi yake huungua.

“Hata saratani iliyosambaa itaisha.”

Kwa sasa, hapana. Leza huunguza ilipoelekezwa. Mbegu za saratani zilizokwisha kufika kwenye mifupa au mapafu hazijaguswa.

Kwa hiyo ukiletewa “dawa ya nano” au taa ya kutibu saratani nyumbani, usitoe pesa. Jaribio halali lina kibali cha kamati ya maadili, lina fomu ya ridhaa utakayosomewa na kuelezwa, na lina daktari atakayekubali kuzungumza na daktari wako. Muulize muuzaji vitu hivyo vitatu. Na wakati unasubiri majibu yake, usikose hata siku moja ya kliniki yako.