Likizo na Usomaji wa Kujiburudisha: Mfano wa Mbaraki, Mombasa

Usomaji wa kujiburudisha ni ule ambao msomaji hujichagulia kitabu, hukisoma kwa mwendo wake, wala hakitolei hesabu kwa mtu yeyote. Nchini Kenya, ambako muhula hutawaliwa na mitihani, mwanafunzi wa sekondari huupata wasaa huo hasa wakati wa likizo: Aprili, Agosti, na mwishoni mwa mwaka. Makala haya yanaeleza umuhimu wa wasaa huo kwa fasihi ya Kiswahili na vikwazo vinavyoukabili, kwa kumtazama mwanafunzi wa Mbaraki, mtaa wa kisiwa cha Mombasa ulio jirani na bandari ya Kilindini.

Tofauti ya aina mbili za usomaji hudhihirika kitabu kimoja kinaposomwa kwa njia zote mbili. Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka 1996, baadaye ilifanywa kitabu teule katika shule za sekondari. Anayeisoma kwa ajili ya mtihani huifungua akiwa na kalamu mkononi: huorodhesha dhamira, huwapambanua wahusika, hudondoa tamathali, na pengine huukimbilia mwongozo kabla ya kuufikia ukurasa wa mwisho. Anayeisoma likizoni hufuatana na Kongowea Mswahili katika safari ya kumtafuta babaye. Na akiwa mkazi wa kisiwani, jina hilo humkumbusha mtaa wenye soko kubwa, ng'ambo ya daraja la Nyali. Huyu husoma ili ajue litakalotokea. Hata hivyo, msamiati na miundo ya sentensi humwingia bila kukaririshwa.

Isidhaniwe kwamba kinachoburudisha ni chepesi. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, iliyochapishwa mwaka 1960, ni hadithi ya upelelezi ya Bwana Msa. Leo inahesabiwa miongoni mwa misingi ya riwaya ya upelelezi ya Kiswahili.

Ni nini basi kinachomzuia mwanafunzi? Kwa muda mrefu likizo ilimezwa na tuisheni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaipiga marufuku tuisheni ya likizo, na kwa maandishi mwanafunzi akarudishiwa siku zake. Lakini mwaka huo huo sheria nyingine ilivitoza vitabu ushuru wa ongezeko la thamani wa asilimia 16. Kitabu cha shilingi 500 kikawa cha shilingi 580. Mzazi mwenye fedha za kitabu kimoja hununua kile kitakachotahiniwa. Hivyo mkono mmoja ulitoa wakati, na wa pili ukaondoa kitu cha kuujaza.

Kwa mtoto wa Mbaraki pengo hilo linazibika. Kisiwa ni kidogo, na maktaba ya umma iliyo mjini haihitaji safari ya siku nzima. Zaidi ya hayo, kitabu kimoja kikizungushwa baina ya marafiki wanane katika likizo moja, gharama yake hugawanyika mara nane. Linalohitajika zaidi ni ruhusa: mwalimu asiambatanishe maswali na kila kitabu, na mzazi asimwone anayesoma hadithi kuwa anapoteza wakati.

Suala hili linavihusu vyuo vikuu moja kwa moja. Mwanafunzi ambaye hajapata kusoma ila vitabu teule hufika katika idara ya Kiswahili akiwa na vitabu vichache kichwani, navyo alichaguliwa na wengine. Atafundishwa nadharia za uhakiki, lakini atazijaribia wapi? Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi ya kusaidia: kukusanya riwaya zilizokwisha kusomwa na kuzifikisha mitaani kabla ya shule kufungwa. Mwanzi hukunjwa ungali mchanga, na msomaji vivyo hivyo.