Nondo ya 12 Ina Kilo Ngapi?

Kasungami, katika komini ya Annexe, ni moja ya pande ambazo Lubumbashi inazidi kutanukia. Kila mwenye kiwanja anajenga kadiri ya mfuko wake: leo msingi, mwakani kuta. Akienda dukani huuliza fere, yaani nondo, ya 12 ni bei gani, moja moja. Hasara huanzia hapo. Nondo huuzwa kwa kuhesabu, ilhali kinachobeba nyumba, na kinachostahili kulipiwa, ni kilo za chuma.

Kilo hizo hujulikana hata kabla ya kugusa mizani. Chukua unene wa nondo kwa milimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa 162. Jibu ni kilo katika kila mita. Kwa nondo ya 12, 12 mara 12 ni 144. Gawa kwa 162, unapata 0.889. Nondo nzima ya mita 12 basi ina kilo 10.67, na tani moja ni nondo 94 hivi. Ya 10 ina kilo 0.617 kwa mita, ya 8 ina 0.395, ya 6 ina 0.222.

Hiyo 162 imetoka kwenye chuma chenyewe, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa kilo 7,850. Ukikata nondo, uso wa duara unaouona una eneo la unene mara unene mara 0.785. Unganisha namba hizo mbili kwa urefu wa mita moja, na hesabu yote husinyaa ikawa kugawa kwa 162. Kanuni haijali chuma kimeyeyushwa wapi. Wazambia na watu wa Afrika Kusini huandika Y12, injinia aliyesoma kwa Kifaransa ataandika HA 12 kwenye mchoro. Uzito ni uleule.

Wengi hupotea kwenye kule kuzidisha unene kwa wenyewe. Macho huona kwamba 12 imezidi 10 kidogo tu, kumbe ina uzito zaidi kwa asilimia 44. Nondo moja ya 12 ni sawa na nne za 6. Na ujanja wa soko unajificha papo hapo: nondo inayoitwa 12 lakini yenye unene wa 11 imepungukiwa chuma kwa asilimia 16. Ya 10 iliyo 9 imepungukiwa asilimia 19. Ya 8 iliyo 7, asilimia 23! Milimita moja, ambayo hata fundi mzoefu haioni, hasa kwa kuwa mbavu za nondo hudanganya kalipa, kile kifaa cha kupimia unene.

Tuseme unafunga shenaji, ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta, kwenye nyumba ya mita 10 kwa 8. Mzunguko ni mita 36. Nondo nne za 12 zikipita sambamba ni mita 144. Usigawe kwa mita 12 ukaenda dukani, maana nondo zikiungwa hulaliana. Ukilaza mara 50 ya unene, kila kiungo kinakula sentimita 60, na pembe nazo zina haki yake. Nunua 14, si 12. Hizo ni kilo 149. Ringi za 6 zinazozifunga nondo hizo, moja kila sentimita 20, zitakuwa 180. Kila moja ikila sentimita 60 pamoja na kulabu, ni nondo 9, kilo 24.

Sasa tuseme zile 14 ni za 11 zilizobatizwa 12. Utakuwa umebeba kilo 125 hivi. Zilizopotea ni karibu 24, yaani uzito wa ringi zote za shenaji hiyo, na nguvu ya mkanda imepungua kwa kadiri ileile.

Bei nayo isomwe kwa kilo. Kwa mfano tu: duka moja linauza ya 12 kwa dola 10, jirani yake kwa dola 9. Ya kwanza ina kilo 10.67, senti 94 kwa kilo. Ya pili ikiwa ni ya 11 ina kilo 8.96, zaidi kidogo ya dola moja kwa kilo. Wa bei nafuu ndiye aliyekuuzia ghali.

Kupima si kazi. Nyoosha tepu kwanza, kwa sababu nondo ya mita 11.5 nayo huitwa ya mita 12. Kisha ining'inize kwenye mizani ya ndoano, imekunjwa au haijakunjwa. Viwanda haviwezi kutoa uzito uleule kila mara. Kiwango cha Ulaya cha EN 10080 huruhusu asilimia 4.5 juu au chini kwa nondo nene kuliko 8, na asilimia 6 kwa za 8 kushuka. Kwa hiyo ya 12 yenye urefu kamili ikisoma kilo 10.3, mwenye duka hajakuibia. Ikisoma 9, hiyo si 12, hata iandikwe nini.

Mwombe muuzaji mizani kabla hujatoa pesa, si baada ya kigari kufika kiwanjani. Akikataa kupima, nenda duka la pili.